Kuzima simu, kusema mpaka, kumtuma mzee au kuondoka kidogo: uchague ipi moyo ukichafuka?

Novemba 2025 nilikuwa msibani Makorora, hapa Tanga, upande wa nyuma, majikoni. Mawifi wawili walikuwa wanamenya vitunguu kwenye sinia moja, na kisu kilikuwa kimoja. Mmoja akimaliza kitunguu chake hampi mwenzake kisu mkononi. Anakiweka ukingoni mwa sinia, anageuza uso, na mwenzake anakiokota. Waliendelea hivyo mpaka vitunguu vikaisha. Hawa wamelea watoto wao ukuta kwa ukuta, wa huyu akila kwa huyu. Kilichowafarakanisha ni maneno waliyoandikiana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wiki za kampeni za uchaguzi mkuu wa Oktoba na siku intaneti iliporudi baada ya kukatwa.

Usiku, tukisugua masufuria, mmoja wao akaniuliza: "Dada, nitoke tu kwenye kundi? Au nimfuate nimwambie? Mimi usingizi siupati, na nikimwona moyo unanienda mbio." Nilimwambia asubiri kwanza, na hilo halikuwa jibu. Tangu siku ile nimelibeba swali lake. Njia nyingine nimezijaribu kwangu, nyingine nimeziona kwa majirani na ndugu. Naandika kwa yeyote aliyekwama pale alipokwama yeye.

Sisi wa Tanga hatukuanza kugawanyika jana. Mji una Coastal Union na African Sports, na zipo nyumba ambazo mtoto anaijua timu yake kabla hajajua kusoma. Vyama vingi viliporudi 1992, na uchaguzi mkuu wake wa kwanza ukafanyika 1995, mtaani kwetu Ngamiani baraza moja la kahawa likawa mabaraza mawili, na mimi nilikuwa mtoto ninayetumwa kununua kashata huku na huku. Lakini ubishi wa barazani ulikuwa na saa zake. Muuza kahawa akishainua dele lake, birika la kahawa, watu wanasimama, wanakung'uta kanzu, wanakwenda Isha. Ubishi wa simu hauna anayeuinulia dele. Unaingia nao kitandani, unaamka nao alfajiri.

Kabla sijaendelea, jambo moja. Haya ninayoandika ni ya watu wanaotofautiana kwa mawazo. Kama kuna aliyekupiga au kukutishia, au ulipoteza mtu wako Oktoba 29, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, hapo hatuzungumzii kuwekeana mpaka. Hapo kuna msiba na kuna haki, na hakuna mtu wa kukuambia "tulia" kwa sababu yeye amechoka kukusikia ukilia.

Mizani ninayopimia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne.

La kwanza ni moyo: unatulia baada ya muda gani, na utulivu wenyewe unakaa? Kipimo changu ni cha nyumbani tu. Unalala? Chakula kinapita? Ukisimama kusali, uko pale au uko kwenye ubishi?

La pili ni gharama, ya pesa na ya muda, maana ushauri mwingi umeandikwa kwa mtu asiye na genge la kufungua asubuhi.

La tatu ni undugu. Huku kwetu kipimo cha mwisho cha undugu ni jeneza: nitamzika? Atanizika? Njia inayokupa usingizi lakini ikakuondolea watu wa kukubeba, ihesabu gharama yake vizuri. Waislamu tumekatazwa kumhama ndugu kwa zaidi ya siku tatu, na mbora wa wawili ni yule anayeanza salamu. Wakristo nao wameandikiwa kwenye Waefeso kwamba jua lisichwe wakiwa bado na uchungu. Mafundisho yote mawili yanamruhusu mtu kukasirika, ila hasira yenyewe yameiwekea saa.

La nne ni mlango wa kurudi. Hali ikibadilika, na hubadilika, utaweza kurudi bila aibu?

Njia ya kwanza: kuzima

Sizungumzii kuitupa simu baharini. Kuzima kuna ngazi. Ngazi ya chini ni kulinyamazisha kundi: WhatsApp inakupa saa 8, wiki 1 au daima, na hakuna anayejua. Ngazi ya pili ni kuliweka kundi kwenye kumbukumbu ili lisikukodolee macho kila ukifungua. Ngazi ya tatu ni kutoka kabisa. Tangu 2022 ukitoka, wanaopewa taarifa ni maadmini tu, si kundi zima, ingawa jina lako linabaki kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60 na mwenye kutafuta ataliona. Kisha kuna habari zenyewe: badala ya kuzidokoa kutwa, unangoja taarifa ya saa mbili usiku, unasikiliza, unazima.

Moyo. Hakuna njia inayofanya kazi haraka kama hii. Kila ujumbe unaoingia, mwili unajiandaa kwa vita: mapigo yanapanda, mabega yanakaza, tumbo linajifunga. Ukipunguza milio, mwili unapata nafasi ya kushuka, na watu wengi huiona tofauti usiku wa pili au wa tatu. Lakini nimejifunza kwamba kimya cha kuzimiwa na kimya cha kujizimia si kitu kimoja. Siku zile intaneti ilipokatwa nchi nzima sikupumzika hata kidogo. Nilikaa na redio nikihofia ndugu nisioweza kuwapata. Kimya kinachotuliza ni kile unachokichagua, na unajua mwenyewe kinaisha lini. Kwa hiyo kipe tarehe. "Mpaka Ijumaa" ni bora kuliko "nimechoka nanyi".

Adui wa njia hii ni mkono wako mwenyewe saa saba usiku. Mama mdogo wangu akishasali Isha anaifunga simu kwenye kitambaa, anaitia kwenye kopo la mchele, anafunika na kulirudisha juu ya kabati. Kuipata tena inabidi avute kiti, apande, afunue, apanguse vumbi la mchele. Anasema mpaka amalize yote hayo, hamu imeshamtoka.

Gharama. Karibu bure, isipokuwa kama simu ndiyo duka lako. Mtu anayepokea bei kutoka soko la samaki la Deep Sea alfajiri hawezi kuzima. Huyu afanye kama dereva mmoja wa bajaji hapa mtaani: wateja na familia ya ndani wana namba ya kitochi, na simu kubwa inabaki nyumbani kutwa.

Undugu. Hapa ndipo kuzima kunapouma. Huku Pwani kimya kina tafsiri, na tafsiri yake mara nyingi si nzuri: amenuna, anajidai, ana jambo. Kuna kibaya kuliko hicho. Taarifa za misiba siku hizi zinapita kwenye makundi. Jirani yangu alilinyamazisha kundi la ukoo, shangazi yake akafariki asubuhi, wakazika baada ya alasiri siku ileile, na yeye akaja kuliona tangazo wakati wa Magharibi. Mpaka leo hilo linamtafuna kuliko siasa zote. Ukizima, mteue mtu mmoja na umwambie kwa mdomo: "Nimepumzika kidogo na simu. Likitokea la msiba au ugonjwa, nipigie." Na Ijumaa piga simu mbili tatu za salamu, sauti kwa sauti.

Mlango wa kurudi. Aliyenyamazisha anarudi wakati wowote. Aliyetoka atahitaji kurudishwa, na siku ya kurudishwa kutakuwa na maneno.

Inamfaa mtu aliyechoka sana, asiyelala, asiye na nguvu ya mazungumzo kwa sasa. Inamfaa pia yule ambaye ugomvi wake hauna uso: anachukizwa na habari na watu asiowajua, si na mtu wa nyumbani. Haimsaidii sana mwenye mgomvi wake uani, wanayechota naye maji bomba moja.

Njia ya pili: kusema mpaka

Hii ni kumwendea mtu na kumwambia kwa heshima: jambo fulani sitaliongea nawe, na ukilianza nitafanya hivi. Watu wengi wanaiogopa, na wengi wanaoijaribu wanaikosea, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Mimi niliikosea kwanza. Kaka yangu alikuwa kila akija kwangu kula Jumapili, sahani ya pili haifiki kabla hajaanza. Siku moja nikamkatia mbele ya mkewe na watoto: "Wewe kaka una tabia ya kuharibu chakula cha watu." Alilirudisha tonge sahanini. Akanawa, akaaga watoto, na wiki tatu hakukanyaga. Makosa yalikuwa matatu kwa mkupuo: nilisema mbele ya watu, nilisema nikiwa na hasira, na nilimsema yeye badala ya kulisema jambo.

Mara ya pili nilimfuata kwenye kibanda chake anapotengeneza baiskeli. Alikuwa ananyoosha rimu, gurudumu limesimamishwa, anakaza spoki moja, analegeza ya upande wa pili. Nikavuta kigoda. Nikamwambia: "Kaka, nataka uje Jumapili, watoto wanakuulizia. Ila mambo ya vyama mezani siyawezi, usiku silali. Ukiyaanza nitainuka niende jikoni, na usinione nimekudharau." Hakunitazama. Aliendelea kukaza. Alipomaliza akalizungusha gurudumu kwa kidole, akaliangalia likipita kwenye spana aliyoishikilia karibu, kama linayumba. Halikuyumba. Ndipo akasema: "Sawa. Na wewe usinitumie zile video."

Kweli nilikuwa namtumia. Sikuwa nimejihesabu.

Kutokana na hilo na mengine niliyoyaona, kusema mpaka kunahitaji mambo machache. Sema ukiwa naye peke yake. Sema ukiwa umeshiba na umetulia. Mwezi wa Ramadhani ni baada ya futari, si kabla. Anza na unachokitaka kwake (uje, tule, tuonane) ndipo useme usichokiweza. Useme utakachofanya wewe, maana mdomo wake huutawali. Na uwe tayari kupokea mpaka wake. Kabla ya kufungua mdomo, vuta pumzi taratibu ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, mara tano sita. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hupungua, na sauti haitatetemeka.

Maneno hubadilika kwa mtu. Kwa mkubwa, salamu kwanza na usikimbilie: "Shikamoo ami. Ami, wewe ni baba yangu, sina wa kunishauri zaidi yako. Hili la siasa tu naomba uniache nalo, linaniumiza. Mengine yote niamrishe." Kwa shoga yako unaweza kuwa mfupi: "Shoga, tukifika huko mimi naenda kuangalia chungu changu." Kwa mteja: "Mjomba, hapa kwangu tunazungumza samaki. Leo kuna changu na tasi." Kwa kundi la ukoo, bora aseme aliyeliunda kuliko wewe, na admini anao uwezo wa kulifunga kwa muda ili maadmini pekee waandike, mpaka joto lishuke.

Moyo. Siku ya kusema unachafuka zaidi. Kesho yake pia. Utulivu unakuja baada ya mpaka kujaribiwa mara moja au mbili, ukainuka kweli ulivyoahidi, na mwenzako akaona hukumwacha yeye, umeliacha jambo. Ukishafika hapo, utulivu huu una mizizi kuliko ule wa kuzima simu.

Gharama. Pesa hakuna. Kuna gharama ya ujasiri, na kuna hatari ya kazi. Kwa bosi wako au mtu anayekushikia mkate, pima kwanza; pengine kujibu "sawa bosi" na kurudi kwenye kazi kunakutosha.

Undugu. Ukisemwa vizuri, mpaka unaokoa undugu, kwa sababu mtu anajua nini kimefungwa na nini kiko wazi. Ukisemwa vibaya, nimeshaeleza wiki zangu tatu.

Mlango wa kurudi. Uko wazi, mradi ulisema jambo na si mtu. Neno "siku hizi" linasaidia sana: "siku hizi siwezi" halifungi milele.

Inamfaa anayeishi au kufanya kazi na mhusika, ambaye bado wanaheshimiana chini ya ubishi. Haimfai mtu ambaye akisikia udhaifu wako ataufanya mchezo wa kila siku. Kuna watu wa hivyo, na huwajibiki kuwapa ramani ya moyo wako.

Njia ya tatu: mtu wa kati

Kuna mzigo ambao wawili hawawezi kuutua. Anatafutwa wa tatu: shangazi, mzee wa ukoo, imamu, padri au mchungaji, na kwa wanawake mara nyingi somo aliyekuweka ndani na kukufunda ulipovunja ungo, maana yeye alikwishakusikia ukilia siku nyingi zilizopita.

Kumchagua mtu huyo nyakati za mgawanyiko kunataka macho. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Mwenyekiti wa mtaa naye alipita kwa tiketi ya chama. Huenda ni watu wema sana, lakini kama ugomvi wenyewe ni wa vyama, upande mmoja utaona umepelekwa kwa mwenye kesi. Tafuta ambaye wote wawili mmeshawahi kula nyumbani kwake.

Na mtu wa tatu si lazima awapatanishe. Anaweza kuwa wako peke yako, wa kukusikiliza. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wapo kwa ajili ya mambo kama haya. Na kama wiki mbili zimepita hulali, huli, huna hamu ya lolote, au umeanza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, usingoje kikao cha ukoo. Nenda hospitali, kwa walio mjini, Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kama mawazo ya kujidhuru yameshakuja, nenda leo, na usiende peke yako. Kwenda huko si wazimu, kama kwenda kupima presha kusivyokuwa kifo.

Moyo. Huchelewa. Kikao kinafukua kwanza, na wengine hutoka wakiwa na hasira mpya. Lakini kusikilizwa na mtu mmoja tu asiyekukatiza, hata kabla hajatoa shauri, kunapunguza uzito siku hiyohiyo.

Gharama. Nauli, kahawa, tende, soda za wageni, na siku nzima ya kazi. Pia aibu ya kutoa ya ndani nje, ambayo kwa watu wengine ni bei kubwa kuliko fedha.

Undugu. Mapatano yaliyopitia kwa mzee hudumu, kwa sababu atakayeyavunja anamvunjia mzee pia. Yakishindikana, habari zimeshatoka kwenye nyumba mbili zimeingia nyumba saba.

Mlango wa kurudi. Mwembamba. Jambo likishafikishwa kwa wakubwa, huwezi kusema kesho yake kwamba halikuwepo.

Inamfaa ambaye mgomvi wake ni mkubwa kwake kwa umri, mahali ambapo mdogo akisema mwenyewe inaonekana utovu wa adabu. Inawafaa pia waliokwishajaribu kusema wakashindwa. Kwa tofauti ndogo ya wiki moja ni nzito mno.

Njia ya nne: kuondoka kidogo

Hii ni fupi kueleza. Unabadilisha hewa: siku nne kwa ndugu Pangani, au unapanda basi la Lushoto, unapita Segera, Korogwe, Mombo, kisha ile barabara ya kona mpaka baridi inakupiga usoni. Wengine huondoka bila kutoka mjini: itikafu msikitini kumi la mwisho la Ramadhani, au mafungo kanisani. Na kuna kuondoka kwa nusu saa kila siku, ambako kwangu kuna thamani kuliko wanavyodhani watu. Nenda Raskazone maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huenda mbali sana, na wanawake utawaona huko mbali wameinama na ndoo zao. Tembea kuwafuata, simu umeiacha nyumbani, rudi maji yanapoanza kujaa. Bahari ndiyo inayokupangia saa.

Moyo. Unatulia upesi, na unaporudi jambo unalikuta pale ulipoliacha. Ila unalikuta ukiwa umelala.

Gharama. Safari ndiyo njia ya bei kubwa kuliko zote nne, kwa nauli na kwa siku za kazi zinazopotea. Matembezi ya pwani ni bure.

Undugu. Aga. Anayeondoka bila kuaga anaonekana amekimbia.

Mlango wa kurudi. Mpana kuliko wote. Msafiri akirudi huulizwa habari za huko na kuletewa chai.

Inamfaa anayelea, anayeuguza, anayeishi nyumba yenye watu wengi, ambaye hajapata saa moja ya peke yake tangu mwaka uanze. Haimfai anayeahirisha mazungumzo kwa mwezi wa tatu sasa.

Kwa hali yako

Kama usiku wa leo ndio unaokutisha, anza kwa kuzima, siku tatu tu, kisha uamue kwa kichwa kilicholala. Usiamue lolote kuhusu ndugu saa saba usiku.

Kama mnaishi uani mmoja au mnapika jiko moja, kuzima simu hakutakufikisha mbali. Mtu huwezi kumnyamazisha kwa wiki 1. Itabidi useme, na kama huwezi kusema kwa sababu ni mama mkwe au ami, mtume shangazi.

Kama umeshasema mara mbili na mara zote mbili mmeishia kupandishiana sauti, ya tatu usiseme wewe.

Kama ni genge au duka, mpaka wako uwe mfupi na wa tabasamu, na uwe uleule kwa wateja wa pande zote. Ukiwa mkali kwa wa upande mmoja tu, huo si mpaka tena, umeshachukua upande.

Kama wewe unataka kuendelea kulisemea jambo lako hadharani, kwa sababu unaamini kuna haki inayodaiwa, mpaka haukuzuii. Chagua mahali pa kulisemea, na uchague mahali ambapo hutalibeba: meza ya watoto, kitanda, kitanda cha mgonjwa. Wapigania haki nao wanahitaji kulala.

Na ukitokea msiba, mipaka yote iweke kando siku hiyo. Nenda, kaa jamvini, mpe mkono kila aliyepo. Hakuna atakayedhani umebadili chama.

Yule wifi aliyeniuliza alilinyamazisha kundi kwa wiki moja kwanza. Halafu akamwendea shangazi yao, si kwa kutaka kikao, kwa kutaka kusikilizwa tu. Sijui shangazi alifanya nini na yale aliyoambiwa, sikuuliza. Januari tukasoma arobaini, nami nikawa jikoni tena. Safari hii visu vilikuwa viwili, kila mmoja kaja na chake kutoka kwake. Wakakaa kwenye sinia lilelile. Walimenya kimya muda mrefu, mpaka yule mdogo kati yao akasema, macho yako chini:

"Wifi, hivi ni vya pilau au vya kachumbari?"

"Vya kachumbari. Katia vyembamba."